Gari Juu ya Mawe

Wahenga walituachia msemo kwamba akiba haiozi. Nimeufundisha msemo huu darasani kwa zaidi ya miaka 30, nikiwaeleza watoto kuwa mtu awekaye kitu leo hatahangaika kesho. Msemo ni mzuri, wala sina ugomvi na wahenga. Lakini mtu akiushika kwa maneno yake tu atafika mahali pabaya, kwani karibu kila akiba tuijuayo huoza. Mtama ghalani huliwa na fukusi. Pamba iliyocheleweshwa kupelekwa kwenye jineri hunyonya unyevu na kubadilika rangi. Noti zilizofichwa chini ya godoro hupungua nguvu hata kama panya hakuzigusa, maana bei za vitu hazimngoji mtu. Na gari lililopumzishwa uani huharibika upesi kuliko gari linalotembea kila siku.

Ni hilo la mwisho ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, kwa sababu limenifika mwenyewe. Daktari wa macho ameniambia nisishike usukani mpaka macho yote mawili yafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, na la pili baada ya miezi kadhaa. Wakati huo nitakaa Mwanza kwa binti yangu. Pikapu yangu, Peugeot 504 niliyoinunua ikiwa imekwisha tumika mwaka 1994, itakaa bila mimi karibu mwaka mzima. Basi nimejiuliza swali ambalo nadhani ni la watu wengi zaidi ya wenye magari: Mtu aliye na kitu asichoweza kukitumia kwa sasa anadaiwa nini na kitu chenyewe, na anadaiwa nini na majirani zake?

Nianze na kitu chenyewe. Fundi wetu, kijana aliyepita darasani kwangu na baadaye akajifunza gereji kule Geita, alinieleza namna ya kulilaza gari, nami nikaandika kila neno kama mwanafunzi. Kwanza lioshwe, hasa chini, kwa sababu tope lililoganda kwenye chuma hushika maji na kuzaa kutu. Likishaoshwa likaushwe juani. Oili ya injini ibadilishwe kabla ya kulaza, si baada ya kuamsha, maana oili iliyotumika hubeba asidi na unyevu ambao hukaa unatafuna vyuma usiku na mchana. Maji matupu kwenye rejeta yaondolewe, iwekwe dawa ya rejeta. Betri ifunguliwe, ukianza na waya wa hasi, iongezwe maji ya betri, iwekwe mahali pakavu na kuchajiwa kila baada ya wiki chache. Betri ya risasi ikiachwa bila chaji hujiua yenyewe.

Petroli nayo haidumu. Ikikaa miezi mingi huchakaa na kuacha utomvu unaoziba kabureta. Kwa hiyo gari la kulala muda mfupi hujazwa tanki pomoni ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kutia kutu ndani ya tanki, lakini la kulala muda mrefu ni heri tanki likaushwe na kabureta imalizwe mafuta yake. Breki ya mkono isivutwe, kwa kuwa viatu vya breki vitagandamana na ngoma, bali magurudumu yakingwe kwa vigogo. Gari linyanyuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya vigogo au mawe imara, ili matairi yasikae na uzito upande mmoja yakapoteza umbo. Midomo ya bomba la moshi na njia ya hewa izibwe kwa matambara, kwa maana huku kwetu panya, nyigu wa udongo na mchwa hawahitaji mwaliko. Kisha iandikwe karatasi na kutundikwa kwenye usukani: "Toa matambara kabla ya kuwasha." Na gari lisifunikwe kwa nailoni, ambayo hufungia unyevu ndani, bali kwa kitambaa kinachopumua, au liwekwe chini ya paa.

Jambo moja katika orodha ile lilinifanya niweke kalamu chini. Nilimwambia fundi kwamba nitamwachia mjukuu ufunguo, awe akiliwasha kila Jumamosi dakika tano. Akacheka kwa adabu. "Mwalimu," alisema, "hapo utakuwa unalidhuru kuliko kuliacha. Injini isipopata moto wa kutosha, maji yanayotokana na kuungua kwa mafuta hubaki ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi. Ama litembee mwendo wa kueleweka, ama lilale kabisa."

Nimelitafakari neno hilo siku nyingi. Mambo mangapi katika maisha yetu tunayawasha dakika tano kila Jumamosi! Tunamtembelea mama mzazi, tunasimama mlangoni, tunauliza hali, tunaondoka tumeridhika kwamba wajibu umetimia. Kwa kuunguruma kidogo namna hiyo dhamiri yetu hutulia, lakini kutu inaendelea.

Kwa hiyo fundisho la kwanza ni hili: kupumzisha ni kazi. Kulaza gari kwa namna ipasavyo kunahitaji siku nzima, fedha kidogo, na uaminifu wa kurudi kulitazama. Asiyefanya kazi hiyo hajalihifadhi gari, amelitelekeza. Kwa macho hali hizi mbili zinafanana, kwani yote mawili ni magari yaliyosimama. Tofauti yake huonekana siku ya kuamsha.

Watu wa rika langu tuliona tofauti hiyo nchi nzima. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1979, fedha za kigeni ziliadimika Tanzania. Petroli ikawa ya kupanga foleni, magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana, na spea zikawa habari ya kusimuliwa. Hapo ndipo usemi wa gari kuwa juu ya mawe ulipokuwa wa kila siku. Mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, matairi na spea zilianza kuonekana tena. Wenye magari wakaenda uani kuyafunua. Yaliyokuwa yametunzwa yaliamka baada ya kuhangaikiwa kidogo. Mengine yalikuwa yamegeuka viota vya kuku, na baadaye yakaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Umaskini uliyasimamisha magari yote sawasawa, ila haukuyaua yote sawasawa.

Tena si magari tu. Sisi tunaoishi kati ya Kahama na Geita tunaona jambo hilohilo katika migodi. Mwaka 2017, baada ya Serikali kuzuia kusafirisha makinikia nje ya nchi, uchimbaji wa Bulyanhulu ulisimamishwa, mgodi ukabaki katika hali ya matunzo tu mpaka kazi ya chini ya ardhi ilipoanza tena mwaka 2020. Mwadui nao, mgodi wa almasi uliotokana na ugunduzi wa Williamson mwaka 1940, ulisimamishwa Aprili 2020 wakati wa janga la korona, ukaanza tena mwaka 2021. Mtu wa nje husema mgodi umefungwa. Wanaojua husema umelala na unalindwa. Mgodi wa chini ya ardhi hauwezi kuachwa hivihivi: maji hujaa, miamba hulegea, mitambo hushika kutu. Lazima wawepo watu wa kuvuta maji na kukagua njia ingawa hakuna hata gramu moja ya dhahabu inayotoka. Mgodi wa zamani wa Geita, kwa upande mwingine, ulifungwa mwaka 1966, na uchimbaji mkubwa haukurudi pale mpaka mwaka 2000. Waliorudi hawakuja kuamsha mtambo uliolala, walijenga mwingine.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema, vema, Mwalimu, fuata orodha ya fundi, lilaze gari lako, nenda Mwanza ukatibiwe. Nami nilikuwa na nia hiyo. Lakini siku fundi alipokuja kupima vigogo, mama mmoja jirani alisimama kwenye ua akatutazama kwa muda. Kisha akasema: "Mwalimu, shikamoo. Nasikia macho ndiyo yanaumwa. Gari halina ugonjwa. Mbona basi mnalilaza pamoja na wewe?"

Lilikuwa swali la heshima, wala halikuwa na uchungu. Lakini lilikuwa na historia nyuma yake. Pikapu hiyo imebeba wajawazito usiku, mvua ikinyesha na pikipiki za bodaboda zikiwa haziwezi kupita. Imebeba majeneza. Imebeba madawati ya shule. Mama yule mwenyewe amewahi kulazwa nyuma yake juu ya godoro. Kwa sheria gari ni langu, kadi ina jina langu. Lakini kwa miaka 30 kijiji kimelihesabu katika mipango yake ya dharura, nami nilikubali kuhesabiwa hivyo kila mara nilipoamka usiku na kuchukua ufunguo. Je, nina haki ya kujitoa katika hesabu hiyo kwa kufungua tu waya wa betri?

Wapo watakaosema ninayo, kwa kuwa msaada ni hiari na hiari haizai deni. Sikubaliani nao kabisa. Ni kweli hakuna awezaye kunishitaki. Lakini mtu akiwazoesha wenzake kumtegemea, nao kwa ajili hiyo wakaacha kutafuta njia nyingine, anawajibika angalau kuwaambia mapema na kuwasaidia kupata njia hiyo nyingine. Wapo pia watakaosema sina haki hata kidogo, kwamba kitu kisichotumika ni cha mwenye shida. Hao nao siwakubalii. Mtu akijua kwamba kila atakachokipumzisha kitachukuliwa, hatatunza kitu. Atakitumia mpaka kife, au atakiuza asubuhi.

Mababu zetu wa Kisukuma walilitatua jambo hili kwa njia mbili, na zote mbili zinafaa kukumbukwa.

Ya kwanza ni ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe hawaingii, majani yanaachwa yakue. Kiangazi kikifika, malisho mengine yamekwisha, ngitili hufunguliwa, na wa kwanza kuingia ni ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulima. Ipo ngitili ya mtu na ipo ngitili ya jumuiya, na sheria zake hulindwa na wazee na wananchi kwa dagashida. Mkoa wa Shinyanga ulipokuwa umekatwa miti mpaka watu wakauita jangwa la Tanzania, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha watu kwenye ngitili. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa malisho na misitu, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa huko Johannesburg. Angalia lakini ngitili ina nini. Ina siku ya kufungwa na majira ya kufunguliwa. Ina wanaofahamika kuwa watafaidi, nao ni wanyonge kwanza. Na kila mtu anajua kwa nini imefungwa. Hifadhi yenye mambo hayo matatu hakuna anayeiita uchoyo, hata mwenye ng'ombe mwenye njaa anayeitazama kutoka nje ya mpaka.

Nikajipima kwa kipimo hicho. Siku ya kulilaza gari ninayo, lakini siku ya kuliamsha imo mikononi mwa daktari na mwa Mungu. Watakaofaidi likiwa limelala ni nani? Mimi peke yangu, na mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu ambaye huenda macho yakapona na mikono ikakataa. Hapo nikaona kwamba gari langu halifanani na ngitili.

Serikali kwa upande wake imewahi kuwa na jibu lake kuhusu gari lisilotembea. Zamani tulilipia leseni ya barabara kila mwaka, na deni lilijilimbikiza hata kwa magari mengi yaliyokuwa yamelala uani. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilifuta ada hiyo ya kila mwaka, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Kwa mwenye gari juu ya mawe hii ilikuwa haki tupu: hatembei, hanunui mafuta, halipi. Kule Uingereza wao, tangu mwaka 1998, asiyelipia ushuru kwa sababu gari lake halitembei hupaswa kuitaarifu ofisi husika. Lakini ongezeko letu liligusa na mafuta ya taa, na bibi mwenye koroboi hana gari la kulaza wala la kuamsha. Nalitaja hili kuonyesha kwamba hata mzigo unaoondolewa kwangu kwa haki huenda mahali fulani. Vivyo hivyo na gari langu: uzito wake ukitoka kwangu, safari za usiku za kijiji hazifutiki, zinahamia mgongoni mwa mtu mwingine.

Mwanangu alishauri tuuze. Wapo wachimbaji wadogo upande wa Geita wanaotafuta pikapu ya kubebea viroba vya mawe mpaka kwenye makrasha, nao hulipa taslimu. Ushauri wake si mbaya. Kuuza ni njia ya heshima ya kukiri kwamba kitu kimemaliza kazi yake kwangu na kina kazi kwa mwingine. Tatizo langu lilikuwa kwamba kazi yake hapa haijaisha. Ni dereva tu aliyeisha, au tuseme amesimama.

Ndipo nikaikumbuka njia ya pili, kubilisa. Mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko awezavyo kuchunga, au anayeogopa ugonjwa usije ukamaliza zizi lote, humpa jamaa au rafiki baadhi yao awatunze. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi shambani. Ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe, ingawa mtunzaji mwema hupewa ndama kama shukrani. Huku si kuuza, wala si kuazima kwa siku moja, wala si kufungia. Ng'ombe anabaki na mwenyewe wake, anapata mtu wa kumwangalia kila siku, na nyumba isiyokuwa na maziwa inapata maziwa.

Yupo mwalimu kijana katika shule niliyoistaafia, mwenye leseni halali na mkono mtulivu. Nimekaa naye mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mama yule jirani. Tumeandika kwamba atalitumia gari kwa shughuli zake za kawaida, kwamba atalitembeza mwendo wa kutosha kila wiki, kwamba oili na bima ni juu yake, na matengenezo makubwa ni juu yangu. Mgonjwa wa usiku habebwi kwa hisani ya kijana, habebwi kwa hisani yangu, bali kwa mkataba. Hayo ndiyo maziwa na samadi. Orodha ya fundi nimempa nayo, iwapo siku moja hataweza kuendelea na italazimu gari lilazwe kweli.

Sijidanganyi kwamba njia hii haina hatari. Gari linaweza kupinduka kwenye udongo mweusi wakati wa masika. Kijana anaweza kuhamishwa, au kuchoka, au kuliona kama lake. Lingelala juu ya vigogo vyangu lingekuwa salama zaidi na lingemfaa mtu mdogo zaidi. Nimepima mambo haya mawili na nimechagua, nikijua kwamba mwenye busara mwingine angechagua vingine, hasa asiyekuwa na mtu wa kumwamini. Kwa huyo, kulaza vizuri ni wema, wala asijione mchoyo. Ila awaambie majirani.

Katika kubilisa kuna desturi moja ambayo nimeitaka iwemo katika mkataba wetu. Ng'ombe akifa mikononi mwa mtunzaji, aghalabu mtunzaji hafichi: huleta ngozi kwa mwenyewe, iwe ushahidi kwamba mnyama hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri, na habari huishia hapo bila fidia. Nimemwambia kijana, likifa usiniogope, niletee ngozi. Akauliza ngozi ya gari ni nini. Nikamwambia ni ukweli wa jinsi lilivyokufa, siku hiyohiyo, kabla sijausikia kwa watu. Akacheka, akakubali, akatia sahihi. Kisha tukaondoa vigogo, fundi akarudisha waya wa betri, na kijana akalipeleka gari mpaka barabara ya Kahama na kurudi ili injini ipate moto wa kutosha.